Hisa za Micron katika Msimu wa Dhiki

Mtu aliyezoea hisa za viwanda vya bia au saruji, ambavyo faida yake aghalabu haipandi wala haishuki sana toka mwaka hata mwaka, akiingia katika tijara ya chipu za kompyuta hukuta kipimo chake kimemgeuka: kule kugawa bei ya hisa kwa faida ya mwaka, ambako kwingine humkinga asinunue ghali, hapa humwita anunue faida ikiwa kileleni na i karibu kuporomoka, kisha humfukuza pale kiwanda kinapokula hasara na hisa zake hazina mwenye kuzitaka.

Micron ya Marekani, yenye makao yake Boise katika jimbo la Idaho, iliufunga mwaka wake wa hesabu mwezi wa Agosti 2012 kwa hasara ya dola bilioni 1 na ushei. Mkuu wake, Steve Appleton, alikuwa amefariki Februari ya mwaka huo katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe, na bei ya chipu za DRAM, zile za kumbukumbu zitiwazo katika kila kompyuta, ilikuwa imeteremka mno. Faida ya kugawia haikuwapo, basi ilimlazimu mnunuzi aifungue mizania, atoe madeni yote katika mali yote, na baki aigawe kwa hisa, zilizokuwa kama bilioni 1. Naye akiisha kufanya hivyo aliona kwamba kila hisa ina mali ya dola 7 na nusu hivi, ilhali sokoni yapatikana kwa 6.

Walakini mali yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa mitambo, na mitambo ya chipu huzeeka upesi, kwa sababu kila baada ya miaka michache hutoka kizazi kipya kitoacho chipu nyingi zaidi katika sahani ile ile ya silikoni. Qimonda ya Ujerumani nayo ilikuwa na mitambo, na Januari 2009 ilifilisika. Kwa rai yangu, aliyenunua Micron kwa kuitazama mizania peke yake alibahatisha. Mwenye basira alikuwa yule aliyesoma habari za Elpida ya Japani, iliyoomba hifadhi ya mahakama tarehe 27 Februari 2012 ikiwa na madeni ya yen bilioni 448 hivi, akatambua kwamba kiwanda cha namna hii hugharimu mabilioni ya dola, na kwamba anapotoka mmoja si rahisi kupatikana wa kushika nafasi yake.

Micron ndiyo iliyomtwaa muflisi huyo, na namna ya malipo yastahili kuangaliwa kwa makini: thamani ilikuwa yen bilioni 200, lakini 60 tu ndizo zilizotolewa papo hapo, na 140 zilizosalia zikawekwa kulipwa wadai kwa mafungu ya kila mwaka hata 2019, kutokana na mapato ya viwanda vile vile vilivyonunuliwa. Mapatano yalipotimia tarehe 31 Julai 2013, wahasibu waliona mali iliyopokewa yazidi bei yake, wakaandika faida ya karibu dola bilioni 1.5. Washindani wakubwa wakawa watatu: Samsung, SK Hynix na Micron.

Septemba hiyo moto ulizuka katika kiwanda cha SK Hynix huko Wuxi, China, bei za chipu zikapanda. Sehemu hii ya faida, kwa insafu, haikuwa hekima ya mtu yeyote. Mauzo ya Micron, yaliyokuwa dola bilioni 8.2 mwaka 2012, yakafika 16.4 mwaka 2014, faida ikawa bilioni 3, na hisa ikapita dola 30.

Mwisho wa 2014 kipimo kile cha faida kilionyesha kama 14, idadi ambayo mnunuzi wa saruji angeiona ya rahisi kabisa. Kisha mauzo ya kompyuta yakapungua, chipu zikajaa ghalani, na katika nusu ya kwanza ya 2016 hisa hiyo ilipata kuuzwa chini ya dola 10.