Mfalme na Ndege Katika Nchi ya Chai: Uhakiki wa Toleo Jipya la Video

Zipo kazi za sanaa ambazo tofauti kati ya nakala mbaya na nakala nzuri haihusu ung'avu wa picha peke yake, bali inahusu nani aliyetunga na ni nini hasa alichosema. Filamu ya vibonzo ya Kifaransa iitwayo Le Roi et l'Oiseau, yaani "Mfalme na Ndege", ni mojawapo. Makala haya yanakusudia kulitathmini toleo la video la filamu hiyo lililotolewa na kampuni ya StudioCanal kufuatia urejeshaji wa mwaka 2013, na kuitazama kwa macho ya msomaji wa Kericho na Bomet, ambako suala la juu na chini, na suala la mashine na mkono wa binadamu, si mambo ya kubuni.

Historia ya filamu yenyewe inastahili kuelezwa kwanza. Mchoraji Paul Grimault na mshairi Jacques Prévert walianza kuitengeneza katika miaka ya 1940, wakichukua kiini cha hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1845 kuhusu vinyago viwili vya kauri, msichana mchungaji na kijana msafisha dohani. Kabla kazi haijakamilika, watunzi hao walikosana na mtayarishaji, André Sarrut. Filamu ikamalizwa bila ridhaa yao, ikaonyeshwa Venice mwaka 1952 na kutolewa rasmi mwaka 1953 kwa jina la La Bergère et le Ramoneur. Grimault aliikana. Katika miaka ya 1960 alifaulu kuipata tena mikononi mwake, akaanza upya pamoja na Prévert, ambaye alifariki mwaka 1977 bila kuiona kazi iliyotimia. Filamu kamili ilipewa Tuzo ya Louis Delluc mwaka 1979 na kufika katika majumba ya sinema mwaka 1980. Kwa hiyo ilimchukua mtunzi zaidi ya miaka 30 kusema alichotaka kusema.

Balaa ni kwamba toleo lile alilolikana halikufa. Lilitiwa sauti za Kiingereza, Peter Ustinov akimwigiza Ndege, likaitwa The Curious Adventures of Mr. Wonderbird. Baadaye likawa mali isiyo na mwenyewe nchini Marekani, na kila mwenye mashine ya kunakili akawa huru kuliuza. Mtu asiyekuwa na fedha nyingi akitafuta filamu hii, hilo ndilo linaloelekea kumfikia kwanza: rangi zimechujuka na mambo ya msingi hayamo. Hapana shaka wako waliolitazama wakaamini kwamba wamemwona Grimault.

Urejeshaji wa mwaka 2013 umeondoa dhuluma hiyo kwa kiasi kikubwa. Faida yake kubwa iko katika rangi na kina cha picha, na hili si pambo. Ufalme wa Takicardie umejengwa wima. Juu kabisa yako makao ya siri ya Mfalme, hewa yake nyeupe na samawati. Chini kabisa uko mji wa watu ambao hawajapata kuliona jua wala ndege, na ambao humwamini mpiga muziki kipofu anapowaambia kwamba vitu hivyo viko. Kati ya pande hizo mbili kuna lifti na ngazi zisizohesabika. Katika nakala chakavu, mji wa chini ni giza tu, na mji wa juu ni ukungu tu. Matabaka yanachanganyika kwa sababu ya uchafu wa utepe. Katika diski hii, mtazamaji anaposhuka anauhisi mshuko wenyewe. Maudhui ya filamu yamo katika mandhari yake kabla hayajatamkwa na mhusika yeyote.

Msomaji wa nchi ya chai hatahitaji kufafanuliwa. Mashamba makubwa ya Kericho, yaliyoanzishwa na makampuni ya kigeni tangu miaka ya 1920 katika ardhi ya Wakipsigis, yaliyapangilia makao kwa namna yake: nyumba ya meneja na bustani yake upande mmoja, laini za wafanyakazi upande mwingine, na kijani kibichi kisicho na mwisho katikati. Mandhari hayo hupendeza kwenye kalenda za watalii. Grimault naye ameuchora mji wa Mfalme kwa uzuri wa kushangaza, na ni uzuri huohuo unaotia shaka: kila sanamu, kila chemchemi, kila nguzo ina sura ya Mfalme. Wafungwa huwekwa kwenye mkanda wa kiwandani wakitengeneza vinyago vya kichwa chake, kimoja baada ya kingine, na Ndege na kijana msafisha dohani wanapofikishwa hapo wanafanya hujuma ya pekee iliyo ndani ya uwezo wao: wanaviharibu sura.

Lakini kiini cha filamu ni jitu la chuma. Jitu hilo ni mashine ya Mfalme, ya kuwatishia raia na kuwakamata watoro. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Kikipsigis huenda akamkumbuka chemosit, zimwi la usiku, ila zimwi hili linaendeshwa na mtu aliyeketi ndani yake, na hapo ndipo penye fikra. Ndege anapoukamata usukani, mashine ileile inaugeukia mji uliokuwa ukiulinda na kuubomoa jiwe kwa jiwe. Mwezi Mei 2023, huko Kericho, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na waandamanaji waliolalamika kwamba zinawanyang'anya watu kazi, na angalau mtu mmoja alipoteza maisha katika makabiliano na polisi. Itakuwa kosa kusema kwamba filamu hii inawaunga mkono waliochoma, au inawalaani. Swali inalouliza ni gumu zaidi: je, mashine ina upande, au upande ni wa yule ashikaye usukani? Kisha inakataa kutoa jibu jepesi. Katika dakika za mwisho usukani hauna mtu. Jitu limekaa peke yake juu ya magofu kama mtu awazaye. Linamwona kifaranga aliyefungiwa kizimbani, linafungua kwa kidole, kinda linaruka, na ngumi ya chuma inakiponda kizimba.

Tukio hilo ni la toleo la 1980. Anayetazama Mr. Wonderbird hapati swali wala kizimba. Hii ndiyo sababu ya kutosha kwa idara yoyote ya fasihi, iwe ya Kabianga au ya Bomet, kugharimia nakala halali badala ya kuridhika na ile ya bure.

Ulinganisho na Andersen unasaidia pia. Kwake, wapenzi wawili wanapanda dohani, wanauona upana wa dunia, msichana anaogopa na kulia, nao wanarudi mezani walikotoka. Prévert aliukataa urejeo huo. Wapenzi wake hawarudi, na hakuna tena meza ya kurudia. Hata hivyo, uasi wa watunzi haukumfikia msichana mwenyewe. Mchungaji huyu anakimbizwa, anafichwa, anakamatwa na kuokolewa. Maneno yake ni machache na maamuzi yake ni machache zaidi. Katika nchi ambako mikono mingi ya kuchuma ni ya wanawake, udhaifu huu wa usawiri hauwezi kupitwa kimya. Simba wa filamu hii, wanaoshawishiwa na Ndege kwa hotuba yenye hila nyingi, wana utashi kuliko yeye. (Waliosoma Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Kawegere watatabasamu kwa hotuba hiyo, na huenda wakashuku kidogo.)

Yapo ya kulalamikiwa katika kazi ya picha. Michoro ya zamani na ile iliyoongezwa baadaye haifanani kabisa. Mwendo wa wahusika hubadilika, na nyuso pia. Utepe uliochakaa uliuficha mshono huo, lakini usafi wa diski unaufichua. Wako watakaoona hii ni hasara. Ukweli ni kwamba mshono ni sehemu ya historia ya kazi hii, na waliorejesha walifanya vyema kutoupaka rangi.

Upungufu mkubwa uko katika lugha. Nakala ya soko la Uingereza ina Kifaransa pamoja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mtazamaji wa kawaida katika ukumbi wa burudani wa laini za chai hatayafuata, na wala hana sababu ya kulaumiwa. Afrika ya Mashariki ina dawa yake ya tatizo hili: wasimulizi wa filamu, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao hutafsiri, hueleza na hutania juu ya picha kwa Kiswahili. Wahakiki wa chuo wamezoea kuwadharau. Kwa filamu hii wangefaa kuliko maandishi, kwa kuwa majigambo ya Ndege yanataka ulimi mwepesi, na jina la Mfalme, ambalo ni hesabu ya kujumlisha inayoanzia tano na tatu na kuishia kumi na sita, linataka mtu wa kulitamka kwa dhihaka inayostahili. Sharti liwe moja tu: jumba la Mfalme likishaanguka, msimulizi azime kipaza sauti chake hadi mwisho.