Jani la Muhogo Ndani ya Simu: Uchakataji wa Picha kwa Mkondo Sambamba

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya mihogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara inayopakana na Korogwe. Dalili zake, pamoja na zile za batobato na za utitiri wa kijani, sasa hutambuliwa na Nuru, programu ya simu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya IITA, ambayo hufanya kazi bila intaneti. Kwa hiyo mzigo wote wa hesabu huangukia chipu ndogo ya simu ya mkulima.

Mzigo huo hubebeka kwa njia ya mkondo, yaani kazi hugawanywa katika hatua zinazopokezana, na picha ya pili huanza hatua ya kwanza wakati ya kwanza ingali katika hatua ya pili. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yanaujua utaratibu huu tangu zamani: majani yanapopita kwenye korona, yaani mashine ya kutoa singa, singa za majani yaliyotangulia huwa tayari zimeanikwa, na nyingine zinapigwa brashi. Ikiwa kila hatua kati ya nne huchukua milisekunde 50, picha moja humalizika baada ya 200, lakini mkondo ukishajaa, jibu jipya hutoka kila baada ya 50. Hatua moja ikichelewa, zote huisubiri, na dawa yake ni ile ya uanikaji, ambao ndio hatua ndefu kuliko zote: kuongeza kamba, ili singa nyingi zikauke kwa pamoja. Huko ndiko kuchakata sambamba.

Usimbaji wa picha, yaani kuibana ili ichukue nafasi ndogo, haukubali mgawanyo huo kila mahali. Katika JPEG, picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, ambavyo hukokotolewa kila kimoja peke yake bila kusubiriana. Lakini hatua ya mwisho huandika misimbo yenye urefu tofauti, ambapo haijulikani msimbo mmoja unaanzia wapi kabla uliotangulia haujaisha, hivyo kazi hurudi kwenye foleni.

Tena, usimbaji huo kwa kawaida hupunguza taarifa za rangi hadi robo, kwa kuwa jicho la binadamu halihisi upungufu huo kwa urahisi. Kwa jani la muhogo hilo si jambo dogo, kwani umanjano unaofuata mishipa ya jani, na vidoa vya utitiri vilivyo kama ncha ya sindano, ndio ushahidi wenyewe. Mpangilio ulio bora ni kuugawa mkondo mara tu picha inapotoka kwenye kamera: tawi moja liisimbe kwa ajili ya kuhifadhiwa, na jingine liichunguze ikiwa bado na rangi zake zote. Wanaounda programu kwa ajili ya mashamba ya Handeni na Korogwe waanzie hapo, na wazipime kwa simu za bei nafuu na kwa majani ambayo dalili zake ndizo kwanza zinaanza.