Kivumishi "oinops" na Suala la Rangi katika Tafsiri

Miongoni mwa vivumishi vya Kigiriki cha kale vilivyowatatiza wafasiri, oinops kina nafasi ya pekee. Katika tenzi za Homer, Iliad na Odyssey, kivumishi hiki huisifu bahari, na mara mbili huwasifu maksai. Kimeundwa kwa oinos, yaani divai, na ops, yaani uso au jicho. Dhana ya weusi haimo. Kiza kinachopatikana katika tafsiri mashuhuri za Kiingereza kiliongezwa na wafasiri.

Mnamo 1858 William Gladstone, mwanasiasa wa Uingereza, alidai kwamba Wagiriki wa enzi za Homer hawakuwa na uwezo kamili wa kupambanua rangi. Hoja hiyo haina mashiko, na Kiswahili ni shahidi. Vivumishi halisi vya rangi katika lugha hii ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kulinganisha: kijani hutokana na jani, kijivu na jivu. Je, mkulima wa Mugunga, magharibi mwa Goma, haoni tofauti kati ya mgomba wake, maji ya Ziwa Kivu na mawe meusi ya volkano anayoyakanyaga? Bila shaka anaiona. Aidha, amwitapo ng'ombe wake "mwekundu", hakuna amdhaniaye kuwa na rangi ya damu. Uchache wa vivumishi si upofu wa macho.

Kwa hiyo, kuandika "bahari nyeusi kama divai" ni kufasiri Kiingereza, si Kigiriki. "Bahari nyekundu" nayo humpeleka msomaji kwenye bahari nyingine kabisa. Linalofaa ni "bahari yenye sura ya divai", kwa kuwa sura, kama ops, ni uso na pia ni mwonekano. Nayo huwafaa maksai vilevile.

Linabaki neno divai lenyewe, lililotoka Kifaransa. Mvinyo, lililotoka Kireno, kwa wengi ni kileo kikali. Huko Mugunga kinywaji kinachofahamika zaidi ni kasiksi ya ndizi. Hata hivyo, kasiksi haina wekundu wala mng'ao wa zabibu. Divai na ibaki, hata ikiwa ngeni kidogo. Kazi ya mfasiri ni kumwachia msomaji fumbo lile lile alilopewa msikilizaji wa Homer, si kulifumbua kwa niaba yake.