Ustadi wa Mwenye Chipu Chache

Wamebaki wanne. Walianza tisa, kila mmoja na chipu 1,500, katika shindano dogo la pokeri ya Texas hold'em, la meza moja tu. Watatu watalipwa: wa kwanza asilimia 50 ya mfuko, wa pili 30, wa tatu 20. Wa nne ataondoka mikono mitupu. Mwenye nyingi ana chipu 6,000, anayemfuata 3,300, mwingine 2,200. Yule ninayependa kumtazama, aliyetulia kama mvuvi anayesoma mkondo, ana 2,000.

Kazi yake huanza kwa hesabu. Katika kila mgao wachezaji wawili hutoa dau la lazima kabla ya kuona karata. Hapa mmoja hutoa 150, mwingine 300, na zamu huzunguka meza. Duru nzima basi humla 450. Ukigawanya 2,000 kwa 450, unapata duru nne na ushee za kukaa bila kucheza. Kipimo hicho huitwa M, kwa jina la Paul Magriel, mwanahisabati na bingwa wa backgammon. Kilienezwa na vitabu vya Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, ambaye alikipa rangi mfano wa taa za barabarani: 20 na zaidi ni kijani, 5 kushuka ni nyekundu. Fundi wetu huongeza jambo ambalo mgeni hulisahau. Meza ya watu kumi ingempa migao zaidi ya 40 ya kungojea karata nzuri. Meza ya watu wanne humpa 17 tu, na madau ya lazima yanazidi kupanda.

Kwa hiyo amekwisha kuingia kwenye nyekundu. Hata hivyo, katika mgao uliotangulia alishika mfalme na jeki, karata za kutamanisha, akazitupa. Mwenye 6,000 alikuwa ametangulia kusukuma chipu zake zote katikati. Kuna hesabu nzito nyuma ya kitendo hicho chepesi. Mwaka 1973 mtakwimu David Harville alichapisha njia ya kukadiria uwezekano wa farasi kumaliza mbio katika nafasi fulani. Baadaye Mason Malmuth alionyesha kwamba njia ya namna hiyo hufaa kupima thamani ya chipu katika mashindano ya pokeri. Chukua wachezaji wanne wenye chipu sawasawa. Kila mmoja anastahili asilimia 25 ya mfuko. Wawili wakigongana kwa chipu zote, mshindi anashika nusu ya chipu za meza, lakini stahili yake inafika asilimia 38 tu. Karibu nusu ya kilichompotea aliyetoka imewaendea wale wawili waliokaa wakitazama. Kwa hesabu hiyo, anayelipa dau la namna hii anahitaji kushinda kama mara 65 katika 100. Hata ree na mfalme, zikipambana na karata zozote zile, hufika hapo kwa shida.

Sasa mgao mpya. Mwenye 6,000 ametupa karata zake. Zamu ni ya fundi, na baada yake wamebaki wawili tu: mwenye 2,200 aliyetoa dau dogo, na mwenye 3,300 aliyetoa dau kubwa. Anafunua pembe za karata zake: mfalme na kumi. Ni dhaifu kuliko zile alizotupa dakika moja iliyopita. Safari hii anasukuma zote.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Anayelipa ana njia moja ya kushinda, karata zake ziwe bora. Anayetangulia kusukuma ana mbili: karata zake ziwe bora, au wenzake wajitoe. Na amechagua wa kumsukumia. Mwenye 6,000 angeweza kupoteza 2,000 na bado akawa wa pili. Mwenye 3,300 akilipa na kushindwa atabaki na 1,300, awe wa mwisho mezani, mlangoni mwa malipo. Anatazama karata zake mara mbili, kisha anazitupa, kama alivyofanya jirani yake. Fundi anavuta 450. Sasa ana 2,450, na jirani yake amebaki na 2,050. Hakuna aliyeziona karata za fundi.

Je, angengoja? Mvumilivu hula mbivu, lakini tunda lisilochumwa kwa wakati huoza mtini. Tuseme angekaa hadi abaki na 650, ndipo asukume. Mwenye dau kubwa angetakiwa kuongeza 350 tu ili agombee 1,100, na kwa bei hiyo ushindi mmoja katika mara nne ungemtosha. Angelipa kwa karata karibu zozote. Alipokabiliwa na 2,000 alitakiwa kuongeza 1,700 ili agombee 2,450, na hapo moyo wa mtu husita. Chipu chache bado zina kitisho. Chipu chache mno hazina.

Mashabiki wa pokeri hupenda kumsimulia Jack Straus, aliyetwaa ubingwa wa dunia mjini Las Vegas mwaka 1982 kati ya wachezaji 104, akaondoka na dola 520,000. Husimuliwa kwamba alidhani amekwisha, kisha akaona chipu moja ya 500 iliyokuwa imejificha mezani, akaanzia hapo. Kisa hicho kikazaa msemo kwamba chipu moja na kiti vinatosha. Ninamheshimu Straus. Lakini anayestahili kuigwa ni yule asiyekubali kufikishwa kwenye chipu moja, anayetumia nguvu yake angali nayo.

Kwa hiyo, siku utakapojikuta umepungukiwa mezani, hesabu duru zako kabla ya kutazama karata. Tazama nani ana cha kupoteza, na nani amekwisha kusema. Kisha, zamu ikikufikia na hakuna aliyekutangulia, usisite.