Nati Kumi na Tano

Kifaa cha mwalimu wa fizikia kikiwa kimetulia hakina cha kumvutia mtu. Ni fremu ya mbao yenye boriti mbili sambamba, na katikati yake zimening'inia nati 15 za pikipiki kwa mshipi wa nailoni, ule ule wanaovulia wavuvi wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Ya kwanza imening'inia chini zaidi, ya pili juu kidogo, hivyo hivyo hadi ya mwisho.

Mwalimu huyo anaweka ubao mrefu nyuma ya nati zote, anazisogeza kwa pamoja sentimita chache, anangoja zitulie, kisha anauchomoa ubao kwa mkupuo mmoja.

Mwanzoni zinakwenda kwa mstari mmoja. Baada ya sekunde chache mstari unapinda, kwa kuwa zenye mshipi mrefu zinachelewa. Linatokea wimbi, linatembea kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine. Linafuatwa na mengine, yanabanana, mpaka jicho linashindwa kuyafuata na darasa linadhani mambo yameharibika. Sekunde ya 20, ghafla, nati zimejipanga safu tatu. Sekunde ya 30 ni safu mbili tu, nati moja huku, jirani yake kule, zinapishana bila kukosea. Hapo wanafunzi hupiga kelele. Kisha yote yanajirudia kinyumenyume, na dakika moja inapotimia nati 15 zinarudi kwenye mstari mmoja, zimepungua nguvu lakini ziko pamoja.

Siri yake ni hesabu ya sekondari. Muda wa mbembeo mmoja hautegemei uzito wa nati, unategemea urefu wa mshipi. Nati iliyo sentimita 34.4 chini ya boriti hubembea mara 51 kwa dakika. Inayofuata, kwenye sentimita 33.0, hubembea mara 52. Ya mwisho, kwenye sentimita 21.2, hubembea mara 65. Kila moja inampita jirani yake kwa mbembeo mmoja tu kwa dakika. Nusu dakika ikifika, kila nati imempita jirani kwa nusu mbembeo, ndiyo maana zinapishana. Dakika ikitimia, zote zimemaliza mibembeo kamili. Ernst Mach alitengeneza kifaa cha namna hii mjini Prague katika miaka ya 1860, na kile cha mibembeo 51 hadi 65 kimejulikana sana kupitia Chuo Kikuu cha Harvard.

Kuijua hesabu hiyo ni jambo la nusu saa. Kuitii kwa mikono ndiko kunakonifanya nimheshimu anayeunda kifaa hiki. Kati ya nati mbili za mwanzo tofauti ya urefu ni kama sentimita 1.3, na kati ya mbili za mwisho haifiki hata milimita 7. Nati ya mwisho ikikosewa milimita 2, baada ya dakika moja itakuwa imepotea karibu theluthi ya mbembeo, na kila aliyeketi nyuma ataiona ikicheza peke yake. Kwa hiyo hakuna kukadiria. Kila nati inafungwa kwa mishipi miwili inayotengeneza umbo la V, mmoja kwa kila boriti, ili ibembee mbele na nyuma bila kuzunguka. Kinachopimwa ni kina, kutoka usawa wa boriti wima hadi katikati ya nati. Urefu wa mshipi wenyewe haupimwi, na hapo wengi hukosea.

Nailoni nayo ina tabia zake. Ikibeba uzito hurefuka, hivyo fremu huachwa na nati zake usiku kucha kabla ya kurekebishwa. Fundo lake huteleza. Wavuvi wanalijua hilo tangu zamani, nao hulilowesha kwanza ndipo hulikaza. Mwalimu naye hufanya vivyo hivyo. Juu, mshipi unapita kwenye tundu la boriti na kubanwa kwa kabari ya njiti ya kiberiti, ili aweze kuuvuta au kuulegeza unywele mmoja. Halafu anakaa na saa ya simu, anahesabu nati moja moja: 51 kwa sekunde 60, vema, 52 kwa sekunde 60 na nusu, bado, legeza njiti, pandisha. Kazi hii hufanywa asubuhi, madirisha yamefungwa, kwa sababu upepo wa ziwani ukiingia hakuna kinachopimika.

Waliosoma fizikia hadi kidato cha nne wanalikumbuka jaribio la pendulamu: uzi, saa, mibembeo 20, grafu, na thamani ya g, yaani mchapuko wa uvutano wa Dunia, iliyo karibu na 9.8. Wengi huipata namba hiyo wasione chochote. Mbele ya fremu hii kanuni ile ile inakuwa kitu cha kubishania. Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa anajua kwamba ziwani maji huyasukuma maji ya jirani, ndiyo maana wimbi husafiri. Hapa hakuna nati inayogusa wala kuvuta nyingine. Kila moja inashika mwendo wake kana kwamba nyingine hazipo. Sasa wimbi tulionalo linabebwa na nini? Halibebwi na kitu. Macho yetu ndiyo yanayounganisha nati 15 zilizopishana kidogo kidogo. Kwangu hilo ndilo zuri kuliko safu zote.

Maswali ya namna hiyo yana historia nchini kwetu. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza juu ya hilo Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alirudi chuoni, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, wakirudia kugandisha maji.

Mwenye kutaka kuunda fremu yake asianze na 15. Nati 9 zinatosha, za mibembeo 51 hadi 59. Ya mwisho itakuwa kwenye sentimita 25.7. Achague nati za ukubwa mmoja, asizivute mbali, na ubao auchomoe moja kwa moja, bila kuupindisha.