Ardhi na Ufalme katika "Makbeth": Usomaji kutoka Kamembe

Tamthilia ya Macbeth, iliyoandikwa na William Shakespeare yapata mwaka 1606, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi kwa jina la Makbeth na kuchapishwa mwaka 1968. Darasani tumezoea kuifundisha kama kisa cha tamaa: mtu anamuua mfalme, dhamiri inamsuta, anaangamia. Usomaji huu si wa makosa, ila unaacha nje jambo ambalo msomaji wa Kamembe hawezi kulipita, nalo ni ardhi.

Tuanze na bwana wa Cawdor. Anapoasi, Mfalme Duncan anaamuru auawe, na cheo chake anapewa Makbeth. Cheo hicho si jina tupu. Kinaambatana na miliki na watu wake. Mfalme hutoa, mfalme hunyang'anya. Makbeth anajifunza hapo kwamba aliye salama ni yule anayegawa, si anayegawiwa.

Mantiki hii si ngeni kwetu. Katika Kinyaga, jina la kale la eneo letu, utawala wa Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, uliimarisha mkono wa ikulu. Waliopendelewa walipewa ibikingi, yaani maeneo ya malisho, na mkulima alilipia haki ya kubaki shambani kwa kazi ya uburetwa.

Je, mkulima yuko wapi katika Makbeth? Anatajwa katika mzaha wa bawabu mlevi anayejifanya mlinzi wa lango la jehanamu: ni mkulima aliyejinyonga kwa kuona mavuno yatakuwa mengi. Hadhira inacheka, mchezo unaendelea. Kwa maoni yetu huu ndio upungufu mkubwa wa tamthilia hii: inamlilia mfalme, haimlilii mkulima.

Hata mwisho wake unathibitisha hivyo. Malcolm anaporudi kwenye kiti cha baba yake, anawapa mabwana wake vyeo vipya. Majina yanabadilika, umiliki hauguswi. Tunakumbuka mwaka 1954, Mwami Mutara Rudahigwa alipofuta ubuhake: ng'ombe waligawanywa, lakini suala la malisho lilibaki bila kutatuliwa wakati huo.

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza walimu wenzetu waanze somo kwa maswali mawili: nani anaimiliki ardhi, na nani anailima? Wanafunzi wetu wengi wametoka katika familia za wakulima. Maswali hayo wanaweza kuyajibu bila kuazima majibu ya wahakiki wa Ulaya.