Jukwaa Moja, Mambo Kumi

Jumapili iliyopita nililipa kiingilio katika baa moja ya Dar es Salaam ambayo jina lake naliweka kapuni. Bango lilitangaza ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na taarabu, vyote usiku mmoja. Nikasema, haya, leo ndiyo leo!

Mtindo huu si mgeni. Miaka ya 1990 vikundi vya Muungano na TOT, hicho cha pili kikiwa kimeanzishwa 1992, vilijaza kumbi za baa za jiji hili kwa mchanganyiko wa namna hiyo hiyo. Watu walifuata mipasho ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano, lakini igizo nalo lilikuwa na nafasi yake.

Hapo ndipo penye shauri langu. Sarakasi ilikuwa safi: kijana alipita ndani ya pete ya moto, baa nzima ikanyamaza, hata mchoma mishikaki akaacha kupepea. Mchekeshaji naye alituvunja mbavu. Likaja igizo. Mpangaji anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba kaja na kufuli jipya. Mke wa mpangaji anafungua mdomo aseme pesa zilikokwenda... Mara mshereheshaji akadaka kipaza sauti: mwenye gari jeupe alisogeze! Muziki ukapigwa, waigizaji wakatoka. Igizo halikurudi tena. Ati muda umekwisha!

Taarabu ilipoanza, mwimbaji alichezesha midomo tu, sauti ikitoka kwenye mashine. Alipokunywa maji, wimbo uliendelea. Akina mama wakamtunza noti vilevile.

Kuchanganya si kosa, bwana. Pilau nayo ni mchanganyiko, ila mpishi anajua kipi kitangulie chunguni. Kosa ni kulifanya neno kuwa la kujazia nafasi. Nasi waandishi chipukizi tusicheke sana: wangapi tunarundika mapenzi, uchawi na ujambazi katika riwaya moja, kisha siri tuliyoianza ukurasa wa 10 tunaisahau? Mimi wa kwanza.

Nilirudi nyumbani saa nane usiku, na mpaka leo namwaza yule mke. Alitaka kusema nini? Mwandishi wa igizo lile, popote ulipo, dai dakika zako. Kiingilio nitalipa tena.